Bebi Woka Kati ya Malori

Mwalimu wa sekondari anayeishi Mbezi Mwisho na kufundisha karibu na Posta amepata mkopo wa SACCOS na anataka gari. Ameshalichagua: Toyota Passo, silinda tatu, cc 996, umbo la yai. Shemeji yake hataki hata kusikia. "Hiyo si gari, shemeji, ni bebi woka," anasema, na kumpigia debe RAV4 ya zamani inayouzwa na jamaa wa ofisini kwake. Wamebishana nyumbani, wamebishana kwenye simu, na Jumamosi wameuhamishia ubishi gerejini, chini ya mwarobaini. Hapo kuna fundi, dereva wa teksi ya mtandaoni, mzee mstaafu aliyeleta Prado yake kubadilishwa bushi, na mhandisi wa magari aliyekuja kuchukua gari lake. Kila mmoja ana la kusema.

Watu hawa hawana majina humu kwa sababu ni sura zinazopatikana katika gereji yoyote ya Dar es Salaam, na ubishi wao husikika kila mahali ambapo mtu ananunua gari la kwanza.

Mwalimu anaanza na daftari. "Kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ya sokoni, natembea kilomita 50 kwa siku. Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita. Gari likinipa kilomita 14 kwa lita, naweka mafuta ya 10,700. Likinipa kilomita nane, kama hiyo RAV4 kwenye foleni, naweka ya 18,750. Tofauti ni elfu nane kwa siku. Kwa siku 24 za kazi ni kama 193,000 kwa mwezi. Shemeji, utanipa wewe?"

Shemeji hana jibu la haraka. Anayekumbuka Agosti 2022 hawezi kuwa nalo. Mwezi huo bei kikomo ya EWURA, mdhibiti wa mafuta, kwa petroli ya Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410 kwa lita, hata baada ya serikali kuanza kumimina ruzuku ya shilingi bilioni 100 mwezi Juni. Baadhi ya wenye magari makubwa waliyaacha nyumbani na kupanda daladala. Wenye vigari waliendelea kutembea, wakinung'unika.

Kodi nayo imekuwa upande wa mwalimu. Kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa unaopimwa kwa ukubwa wa injini Tanzania umeanzia juu ya cc 1,000: asilimia 5 hadi cc 2,000, na asilimia 10 kupita hapo. Passo ya cc 996 na Vitz ya kwanza ya cc 997 zinapenya chini ya mstari huo kwa kiasi kisichojaza kijiko cha chai. Halafu mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya leseni ya magari ya kila mwaka na badala yake ikaongeza shilingi 40 katika ushuru wa kila lita ya mafuta. Tangu hapo anayechoma lita nyingi analipa zaidi, na anayechoma chache anapumua. Kinachomrudisha nyuma mnunuzi ni umri wa gari: lililopita miaka kumi limekuwa likitozwa asilimia 30 ya uchakavu, wakati Kenya hairuhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka minane. Kwa hiyo gari dogo lililozeeka linaweza kupoteza bandarini sehemu nzuri ya kile ambalo lingeokoa barabarani.

"Mimi nilianza na IST ya cc 1,300," dereva anadakia. "Abiria anafungua simu, anaona bei. Bei hiyo haiijui injini yangu. Kinachobaki mfukoni mwangu ni kile ambacho gari halikunywa." Anapapasa boneti ya Passo yake. "Hii hainywi. Inanusa."

Fundi, aliyelala chini ya Prado, anauliza bila kutoka: "Na akiba hiyo inakaa kwako kweli?"

Swali lina mfano wake Nairobi. Mwaka 2018 Uber ilianzisha huko huduma iliyoitwa Chap Chap, ikitumia Suzuki Alto mpya za cc 800 zilizopatikana kwa mkopo wa benki ya Stanbic. Nauli iliwekwa chini ya ile ya kawaida, kwa hoja kwamba gari linakula mafuta kidogo. Abiria alifurahi. Dereva akabaki na gari jipya, deni, na safari ambazo kila moja ilimletea pungufu. Dereva wa gerejini anaikubali hoja bila kupenda: ikishajulikana kwamba gari linanusa, nauli nayo inaanza kunusa. Kuna la haki la kusemwa hapa. Faida ya gari dogo ni ya kweli pale ambapo mwenye gari ndiye anayeweka mafuta na ndiye anayebaki na chenji, kama mwalimu. Pale ambapo kampuni inapanga bei, inaweza kumponyoka dereva kabla hajaihesabu.

Wengi hudhani vigari hivi vilibuniwa kwa ajili ya wasio na uwezo tu. Barabara nyembamba na sheria nazo zilichangia. Japani ilianzisha daraja maalumu la magari madogo mwaka 1949, ikalipanua polepole: injini ya cc 360 katika miaka ya 1950, cc 550 mwaka 1976, cc 660 mwaka 1990. Urefu hauruhusiwi kupita mita 3.4, wala upana mita 1.48. Anayekaa ndani ya mipaka hiyo anapunguziwa kodi. Wajapani wenye fedha zao huyanunua pia, kwa sababu yanaingia vichochoroni na yanaegeshwa mahali ambapo gari la kawaida haligeuki. Vitz ni kubwa kidogo kuliko daraja hilo. Ilitoka mwaka 1999, Ulaya ikauzwa kwa jina la Yaris, na ikachaguliwa huko kuwa gari la mwaka 2000.

Malori madogo ya daraja lile la cc 660 Watanzania wanayajua kwa jina lao wenyewe. Ni kirikuu.

Mwenye kirikuu amesimama nje ya gereji na mzigo wa ndizi, naye hataki kuachwa. "Nyinyi mnabishania kigari cha kwenda kazini. Mimi hiki ndicho kazi." Suzuki Carry yake inaingia Tandale, inaingia Manzese, inageuza mahali ambapo Canter ingelazimika kurudi kinyumenyume hadi barabara kuu. Inabeba ndizi asubuhi, magodoro mchana, na jioni vyombo vya anayehama chumba. Kwa sheria ya Japani kirikuu hubeba kilo 350 tu. Fundi anatoka uvunguni, anautazama mkungu wa juu kabisa, anautazama mgongo wa gari ulivyopinda, na kutikisa kichwa. Ameshabadilisha springi za kirikuu hicho mara ngapi, wote wawili wanajua.

Basi ni zamu ya fundi, na maneno yake si ya kupinga wala kuunga mkono. Spea za vigari hivi zimejaa Gerezani, mpya na za mtumba, na bei yake haiumizi. Injini za Vitz na Passo zinatumia cheni, kwa hiyo hakuna mkanda wa taimingi wa kuukumbuka. Lakini silinda tatu zinataka oili nyepesi iliyoandikwa na kiwanda, na watu wanaziwekea oili nzito ya lori kwa sababu ndiyo iliyopo dukani kwa jirani. Matoleo mengi ya miaka ya 2010 yana gia boksi ya CVT. "Hiyo ina mafuta yake. Ukimwacha kijana akakuwekea yale ya gia boksi ya kawaida, umeiua. Gari ni zima, injini ni nzima, gia boksi imekufa. Kisha unasema vigari vidogo ni vibovu."

Ana jingine. Rimu za inchi 13 au 14 zinazama katika mashimo ambayo Prado inayapita kama tuta. Tumbo la gari liko sentimita 15 hivi kutoka ardhini. Mvua za masika zikipiga na Msimbazi ukamwagika Jangwani, ambako hata mabasi ya mwendokasi yamekuwa yakisimama, mwenye kigari asijaribu kupita. Injini ikinyonya maji mara moja, gharama yake inameza akiba ya mafuta ya mwaka mzima. Mwalimu anaandika hilo daftarini.

Mzee amesikiliza muda wote, na sasa anaongea taratibu, kama mtu asiyetaka kumtisha mwanawe. "Mwanangu, mjini hapa sina ugomvi na wewe. Mimi naogopa Desemba. Desemba mtasema twende nyumbani. Mtakuwa watu wazima wanne na mtoto, buti limejaa mchele. Mtapanda mlima wa Kitonga nyuma ya semi-trela linaloenda Tunduma. Utataka kulipita. Utakanyaga, na gari halitaitika."

Mhandisi anamuunga mkono kwa namba. Injini ya cc 996 ina nguvu ya farasi 71 hivi, na hizo ni pale ilipokuwa mpya. Lori likienda kilomita 80 kwa saa na wewe 100, unahitaji kama sekunde 11 kulimaliza ukihesabu na nafasi ya mbele na nyuma. Katika sekunde hizo umekwenda mita 300. Anayekuja mbele yako kwa mwendo kama wako naye amekwenda mita 300. Kwa hiyo unahitaji mita 600 za barabara tupu unayoiona kwa macho, na hiyo ni kama kigari kinaweza kufika 100 kikiwa kimejaa watu na kinapanda. Mlimani hakifiki.

Halafu anasema jambo linalowanyamazisha wote.

"Chukueni Vitz ya kilo 900 na Land Cruiser ya kilo 2,500. Yanakutana uso kwa uso, kila moja lina kilomita 60 kwa saa, yanagongana na kung'ang'aniana. Land Cruiser halisimami. Linaendelea mbele kwa kilomita 28 hivi kwa saa, likiisukuma Vitz kinyumenyume. Waliomo kwenye Land Cruiser mwendo wao umebadilika kwa kilomita 32. Waliomo kwenye Vitz wametoka 60 kwenda mbele hadi 28 kwenda nyuma. Hizo ni kilomita 88, kufumba na kufumbua. Mkanda unasaidia, mfuko wa hewa unasaidia, lakini hesabu hiyo haifutiki."

Na si hesabu ya ubaoni tu. Yaris iliyotoka mwaka 2005, ambayo ndiyo Vitz ya kizazi cha pili, ilipata nyota tano katika majaribio ya usalama ya Ulaya. Ilistahili. Lakini katika jaribio la kawaida gari hugonga kizuizi, na ukali wake ni kama wa kugongana na gari la uzito wake lenyewe. Aprili 2009 taasisi ya bima ya Marekani inayopima usalama wa magari, IIHS, iliyagonganisha magari ya kampuni moja, dogo kwa kubwa, kila moja kwa kilomita 64 kwa saa: Smart Fortwo na Mercedes C-Class, Honda Fit na Accord, Yaris na Camry. Yote matatu madogo yalikuwa yamefanya vizuri dhidi ya kizuizi. Mbele ya ndugu zao wakubwa yote matatu yalipata alama ya chini kabisa. Na Camry si semi-trela.

"Basi nimeshinda," anasema shemeji.

"Hujashinda," dereva anamjibu. "Wewe unalinganisha Passo na RAV4. Watu wengi hapa hawana RAV4 ya kuchagua. Wanachagua kati ya Passo na mshikaki."

Mshikaki, yaani baba, mama na watoto juu ya bodaboda moja, ndio uliomsukuma Ratan Tata kule India. Alisimulia kwamba aliona familia ya watu wanne juu ya skuta moja kwenye mvua, akaamua kuwatengenezea gari. Januari 2008 alionyesha Tata Nano mjini Delhi: injini ya cc 624 iliyowekwa nyuma, na bei ya kuanzia rupia 100,000. Dunia ilipiga makofi. Kisha mambo yakaharibika. Wakulima wa Singur walipinga ardhi yao kuchukuliwa kwa ajili ya kiwanda, kikahamishiwa Gujarat. Baadhi ya magari yakashika moto. Mwaka 2014 majaribio ya usalama ya Global NCAP yakaipa nyota sifuri, nayo haikuwa na mfuko wa hewa hata mmoja. Wanunuzi waliolengwa hawakupenda kuitwa wenye gari rahisi kuliko yote duniani, na utengenezaji ulikoma mwaka 2018.

Mhandisi anaisoma Nano hivi: udogo haukuiua, iliuawa na kupunguzwa kila kitu hadi kile kinachomlinda mtu. Dereva anaisoma vingine: hata Nano yenye sifuri ilikuwa na paa, milango na viti vinne, na mtoto aliyemo ndani yake yuko mahali salama kuliko mtoto aliyekaa juu ya tangi la pikipiki. Wote wawili wana haki. Ila hoja ya dereva ina uzito zaidi katika jiji ambalo bodaboda ndiyo gari la familia nyingi, na wanaokicheka kigari cha mwenzao kwa kuwa hakina heshima getini hawajafikiria mwenzao ametoka wapi kukifikia.

Kuna upande wa tatu wa ajali ambao gerejini ulikuwa haujaguswa, na aliyeuleta ni mwalimu.

"Mnahesabu walio ndani ya magari," anasema. "Wanafunzi wangu hawana magari. Wanavuka kwa miguu."

Mhandisi anakubali haraka, kwa sababu hilo nalo limepimwa. Mwaka 2023 IIHS hiyo hiyo ilitoa matokeo kuhusu watu wanaogongwa wakitembea. Pikapu, vani na magari mengine ya juu ambayo boneti yake inazidi kimo cha sentimita 102 hivi yana uwezekano mkubwa zaidi kwa karibu asilimia 45 wa kumuua anayegongwa, yakilinganishwa na magari yenye boneti ya chini inayoteremka, ya sentimita 76 au chini. Boneti ya chini humpiga mtu miguuni na kumbeba juu. Boneti ya juu humpiga kifuani au kichwani na kumwangusha mbele ya tairi. Na mtoto wa darasa la pili kichwa chake kiko usawa wa boneti hiyo, mahali ambapo dereva aliyekaa juu hamwoni.

Hapa ndipo mjadala wa vigari vidogo unapopata uzito wake wa kweli. Usalama wa gari zito una gharama, na sehemu ya gharama hiyo anailipa mtu mwingine. Kila tani inayoongezwa ndani ya gari la mmoja inaongeza kilomita katika mgongano wa mwenzake, kama hesabu ya mhandisi ilivyoonyesha. Kila mtu akimsikiliza shemeji, Barabara ya Morogoro itajaa magari mazito, kila mmoja akijikinga na mwenzake, na wanaovuka kwa miguu watabaki bila kinga yoyote. Ongeza moshi: lita moja ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Kwa kilomita 50 za mwalimu, Passo inatoa kilo nane na RAV4 zaidi ya kilo 14, kila siku ya kazi.

Mzee habishi. Anasema tu kwamba malori ya makontena bado yapo Barabara ya Mandela, na hayatakuwa mepesi kwa sababu mwalimu amenunua Passo.

Ni kweli, na ndiyo maana lawama isiishie kwa mnunuzi. Lori linalokwenda usiku bila taa za nyuma na bila bampa la chini la kuzuia gari dogo kuingia uvunguni ni kosa la mwenye lori na la anayelikagua, si la aliyenunua kigari. Serikali inayomhimiza mwananchi kwa kodi anunue injini ndogo ina deni la kumhakikishia kwamba semi-trela lililo mbele yake lina taa, breki na bampa hilo.

Uamuzi wa mwandishi ni huu. Kwa safari za mwalimu, kilomita 50 za foleni ambako ni nadra kufika kilomita 50 kwa saa, Passo ni chaguo sahihi, na RAV4 ingekuwa kumbebesha mzigo wa mafuta kwa ajili ya safari moja ya Desemba. Safari hiyo apande basi la mchana, na gari alilaze nyumbani. Akienda nalo, wawe watatu, mizigo michache, na asilipite lori mlimani. Anayeishi Iringa na kuteremka Kitonga kila wiki asinunue gari hili. Mwenye kirikuu ashushe ile mikungu ya juu.

Jioni fundi analikagua gari ambalo mwalimu amepewa alijaribu. Oili ni safi, tairi za mwaka juzi, taa ya mfuko wa hewa inawaka kwa sekunde chache na kuzimika kama inavyotakiwa. Kisha anafungua mlango wa nyuma na kupitisha mkono kati ya viti, akitafuta. Mikanda ya nyuma ipo, mitatu, kama ilivyotoka kiwandani. Muuzaji aliyeshona vitambaa vipya vya viti amevifunika vifungio vyake, na inaonekana hakuna aliyejifunga mkanda huko nyuma tangu gari lishuke bandarini. Fundi anachukua kisu na kuanza kuchana kitambaa. Huenda magari mengine mjini yako hivyo. Mwenye nalo akague lake leo, kabla hajapakia watoto.